Vitabu vya Kusimama

Duka lilikuwa na kiti kimoja tu, na kiti hicho kilikuwa cha mwenye duka. Kando ya mlango paliwekwa beseni la maji, kipande cha sabuni na kitambaa cha kujifutia. Juu ya beseni palitundikwa ubao ulioandikwa kwa chaki: OSHA MIKONO. ANAYESIMAMA ANASOMA, ANAYEKETI ANANUNUA. Mzazi akija na orodha nzima ya mtoto na kuinunua yote, mwenye duka alisimama mwenyewe akamwachia kiti huku akimfungia vitabu. Sisi wengine tulisimama.

Duka lenyewe lipo mjini Meru, kwenye njia inayoteremka kutoka sokoni kuelekea Majengo. Upande mmoja kuna bucha, upande wa pili fundi wa viatu. Mwenye duka ni mjane wa Kiislamu aliyezaliwa mtaani hapohapo, na kila mtu humwita Mama. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote tuliojifunza shuleni, na hakuona haya kutusahihisha mbele za watu. Mimi aliniita Wewe wa Unga, kwa sababu nilifanya kazi kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa hatua mia moja juu ya duka lake, na sikuwahi kumfikia nikiwa na rangi yangu ya kweli.

Niliacha shule kidato cha kwanza, muhula wa pili, mama yetu alipofariki. Baba alikuwa ametangulia. Tulibaki watatu: mimi, dada yangu aliyenifuata, na mdogo wetu wa mwisho. Shangazi yetu wa Kiirua, dada yake baba, alikuja baada ya mazishi akamchukua yule mdogo. Sikumlaumu. Ana shamba la viazi, ana ng'ombe, na mtoto alihitaji maziwa. Lakini tangu siku hiyo tulianika sahani mbili badala ya tatu, na nilijiapia kwamba haitakuwa moja.

Dada yangu alipoingia darasa la nane, shangazi alirudi. Aliketi kwenye kitanda changu, kwa kuwa chumba chetu cha mbao hakikuwa na pa kuketi pengine, akazungumza bila kuzunguka.

"Hii mtoto unaitesa bure. Haina kitabu hata moja. Mwaka jana ilikuwa namba ngapi?"

"Ishirini na tatu," nilisema.

"Ona. Mimi sikatai masomo. Lakini kule Kiirua kuna kazi na kuna chakula. Nipe niende nayo."

Nilimwomba aningoje hadi Agosti, shule zikifungwa. Dada yangu akiwa ndani ya kumi bora, abaki nami. Akikosa, nitamsindikiza Kiirua mwenyewe. Shangazi akakubali. Hakuwa mtu mbaya, na alijua hesabu ya kumi bora ilikuwa upande wake.

Hivyo ndivyo nilivyoingia dukani mara ya kwanza kwa shughuli yangu. Nilikuwa nimempelekea Mama unga wake, nikaona vitabu vya darasa la nane vimepangwa rafu ya chini. Nikauliza bei. Aliponitajia, nikaanza kurudi mlangoni.

"Kwani hujui kusoma?" aliniuliza.

"Najua."

"Basi soma ubao. Kisha uoshe hiyo mikono."

Kuanzia hapo, kila siku ya kazi saa saba, wakati mwenye mashine alipoizima ipoe, niliteremka dukani. Niliosha mikono hadi viwikoni, nikachukua kitabu cha masomo ya jamii, somo lililomshinda dada yangu kuliko yote, nikasoma kurasa mbili. Mbili tu, kwa sababu ilinibidi kuzibeba kichwani. Mchana kutwa, huku nikimimina mahindi ya watu kwenye mashine, nilikuwa nikizirudia kwa sauti. Mashine ile ilikuwa na kelele nyingi hivi kwamba mtu angeweza kuhubiri na asisikike. Jioni, maharagwe yakichemka, nilimsomea dada yangu kutoka kichwani naye akaandika kwenye daftari.

Sikuwa peke yangu niliyesimama. Alikuwapo mlinzi wa benki, mzee mrefu ambaye kila mapumziko yake alifungua atlasi na kusafiri kwa kidole. Alikuwapo mwanamke aliyeuza ndizi sokoni, aliyesoma kitabu cha magonjwa ya kuku, ukurasa uleule, kana kwamba ugonjwa wa kuku wake ungebadilika. Mwenye bucha aliingia na aproni yake, akarudishwa kwenye beseni, akaingia tena. Watu walimletea Mama barua za shule na fomu za hospitali awajazie. Gazeti la siku alilibana mlangoni kwa vibanio vya nguo, na waliosoma vichwa vya habari walibishana hapohapo kwenye ngazi, huku fundi wa viatu akiwa mwamuzi. Siku moja nilimuuliza Mama kwa nini asiweke benchi.

"Nikiweka benchi watakuja wenye soga," alisema. "Mtu aliyesimama anajua alichofuata."

Tulifika sura ya serikali. Nilimsomea dada yangu kama kawaida: nchi imegawanywa katika mikoa, mkoa una wilaya, wilaya ina tarafa. Sisi wa Meru tuko Mkoa wa Mashariki, na makao makuu ya mkoa ni Embu, ambako anakaa mkuu wa mkoa, yaani Pisii. Dada yangu aliacha kuandika.

"Lakini si siku hizi tuko na gavana?"

"Kitabu kimesema mkoa."

"Hata wewe ulipiga kura ya gavana. Ulirudi na kidole cheusi."

"Kura ni kura na mtihani ni mtihani," nilimwambia. "Andika mkoa."

Aliandika. Nimeukumbuka wakati huo mara nyingi. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kura kwa miguu yangu miwili, nikachagua gavana, na bado niliamini kwamba kitabu kinajua zaidi yangu. Mtu aliyetolewa shuleni mapema huyaogopa maandishi kwa namna ambayo aliyemaliza hawezi kuielewa.

Habari nilizipata kazini. Watoto walioleta mahindi walikuwa wamepanga foleni, na mmoja akamnong'oneza mwenzake, kisha wote wakanitazama wakicheka, wakapaza sauti kuishinda mashine.

"Ndugu yake Pisii ndiye huyu!"

"Pisii wa Embu!"

"Pisii, tusagie haraka, tunaenda kikao cha mkoa!"

Niliizima mashine. Waliponieleza, nilijihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Mwalimu alikuwa ameuliza nani anaweza kueleza serikali ya mahali petu. Dada yangu, ambaye hakuwahi kuinua mkono mwaka mzima, aliinua. Alisimama akataja yote, mkoa, wilaya, tarafa, mkuu wa mkoa na makao yake Embu, bila kukosea neno, jinsi nilivyomfundisha. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mwalimu naye alicheka kabla ya kujizuia. Njia nzima ya kurudi nyumbani walimpigia saluti.

Nilimkuta nyumbani anaosha nguo zake zote, hata zilizokuwa safi. Alikuwa akizitayarisha.

"Sirudi," alisema.

"Ni kosa langu, si lako."

"Ni yako, na mimi ndiye nachekwa. Sitaki tena masomo yako ya kusimama. Heri nianze Kiirua mapema. Viazi havina toleo jipya."

Kesho yake alienda shule kwa sababu nilimsindikiza hadi langoni, lakini nilijua kwamba kusindikizwa si kusoma. Saa saba niliteremka dukani na unga wangu wote, nikalipita beseni.

"Mikono," alisema Mama bila kuinua macho.

"Mikono yangu iache leo. Kitabu chako kimeniaibishia mtoto."

Hapo aliinua macho. Nilikuwa nimeweka mkono kwenye kioo cha kabati, na vidole vyangu vitano vilibaki pale, vyeupe. Nikamweleza. Alikichukua kitabu, akafungua kurasa za mwanzo, akasoma maandishi madogo ambayo mimi sikuwahi kuyatazama.

"Umekuwa ukisoma hiki tangu Januari?"

"Ndicho kilichokuwa wazi."

"Mwanangu, kiko wazi kwa sababu hakuna anayekitaka. Hiki ni cha enzi za mikoa, kabla ya kaunti. Vipya huja vimefungwa nailoni, na nikishaikata, wakala aliyeniletea hakubali nimrudishie. Kwa nini hukuniuliza?"

"Sikujua kama kitabu huulizwa."

Kwenye kona yake, mlinzi wa benki aliinamia atlasi, akaguna. "Kumbe ndiyo maana," alisema. "Hii Sudan yangu bado ni moja."

Muuza ndizi alicheka, mwenye bucha akacheka, na mimi, ingawa sikutaka, nikacheka. Mama hakucheka. Alikuwa akiutazama ule ubao wake wa mlangoni kama mtu anayeusoma kwa mara ya kwanza.

"Miaka yote hii nawaambia watu wasome bure," alisema polepole, "na ninawapa makombo."

Alisimama, akatoa kitabu kipya kutoka rafu ya juu, akachukua mkasi na kukata nailoni. Sauti ile ndogo naikumbuka bado. Kisha akaandika ndani ya jalada, kwa wino: *Cha kusimama.* Nilinyoosha mkono nikipokee, akakivuta.

"Osha kwanza. Na wewe si wa kukisoma. Wa kukisoma ni yeye."

"Hatakuja. Anaona haya."

"Basi mpelekee hiki." Alinipa kile cha zamani. "Mwambie nina kazi, na sijapata wa kuifanya. Wazazi wananunua vitabu vya zamani vilivyotumiwa na watoto wa majirani, kwa sababu ni rahisi, na hawajui nini kimebadilika ndani yake. Nataka mtu avilinganishe viwili, ukurasa kwa ukurasa, aniandikie palipobadilika nibandike mlangoni. Kile cha zamani akae nacho nyumbani. Kipya hakitoki humu. Mwambie sitafuti mtoto hodari. Natafuta mtu aliyeumwa na kitabu hiki, maana huyo hataruka mstari."

Nilimfikishia maneno hayo yote, na kitabu nikakiweka mezani. Dada yangu hakukigusa. Siku mbili kilikaa hapo mezani, karibu na kuni, na nilihofia atakiwashia moto. Siku ya tatu nilirudi nikaona penseli katikati ya kurasa. Alikuwa amepigia mstari kila mahali palipotajwa mkoa.

Jumamosi aliniuliza, huku amenipa mgongo, "Huko dukani nani huwa?"

"Mlinzi, muuza ndizi na wa bucha. Hakuna wa shule yenu."

Tuliteremka pamoja. Aliosha mikono kwa muda mrefu mno. Mama hakumkaribisha kwa maneno mengi, alimwonyesha tu mahali pa kusimama kwenye mwanga, na rafu iliyofika usawa wa kiuno chake ambapo vitabu viwili vingeweza kulala wazi sambamba. Nilirudi kazini. Nilipopita jioni alikuwa bado pale, amehamishia uzito mguu mmoja kama kuku, midomo ikimchezacheza.

Alienda kila Jumamosi. Aliandika nyuma ya kalenda kubwa ya mwaka uliopita, akagawanya karatasi mara mbili, ZAMANI na SASA. Mikoa upande huu, kaunti upande ule. Meya alikuwapo, sasa hayupo. Alipomaliza masomo ya jamii aliomba sayansi, naye Mama akakata nailoni nyingine. Sayari zilikuwa tisa, sasa nane.

"Hata hiyo moja imehama?" Mama aliuliza.

"Haijahama. Imeondolewa."

"Na hesabu?"

"Hesabu ni ileile. Wamebadilisha rangi ya jalada na wakamwongezea mkulima mbuzi wawili."

Karatasi ilibandikwa mlangoni, chini ya gazeti. Sikutarajia lolote. Lakini wazazi walianza kuja na vitabu vya kuazima wakivilinganisha na karatasi, wakiandika marekebisho kwa kalamu pembezoni. Mzee mmoja alisimama mbele ya mstari wa meya akalalamika kwamba huyo ndiye aliyewahi kuzibua mtaro wetu. Mwanamke kutoka Kianjai aliyekuja mjini kuuza maharagwe aliomba asomewe yote, kisha akaomba arudiwe. Dada yangu alimsomea. Aliposoma mara ya pili sauti yake ilikuwa imepanda, na fundi wa viatu aliacha nyundo ili asikilize.

Jumamosi moja alikuja mwalimu wake. Dada yangu alikuwa ndani nyuma ya rafu, mimi nilikuwa nimeleta unga. Mwalimu hakutuona. Alisimama mlangoni, akatoa daftari, akaanza kunakili.

"Kazi nzuri hii," alimwambia Mama. "Sisi wenyewe tuna vitabu vya aina mbili darasani, ni fujo tupu. Nani ameiandika?"

"Pisii," alisema Mama.

Mwalimu alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Alichungulia ndani, akamwona. Dada yangu hakutoka nyuma ya rafu, lakini pia hakuinamisha kichwa.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

Alifunga daftari. "Siku ile nilicheka. Sikupaswa kucheka," alisema. "Jumatatu uje na hii karatasi uwasomee wenzako."

Jina la Pisii halikufutika. Watoto hawafuti jina. Ila baada ya Jumatatu hiyo liliitwa kwa sauti nyingine, hasa na wale waliotaka kuazima daftari lake.

Agosti ilifika, na shangazi akafika nayo. Alikuja siku ya matokeo na gunia tupu limekunjwa kwapani, la kutilia nguo za mtoto. Dada yangu aliingia na karatasi yake, akampa shangazi, shangazi akanipa mimi.

"Ya tisa," nilisema.

"Tisa si mbali na kumi na moja," shangazi alisema.

"Lakini iko upande huu," dada yangu akamjibu.

Shangazi alimtazama, akatazama zile nguo zilizotundikwa kwenye kamba, akauliza kama ni kweli kwamba anasoma akiwa amesimama. Tukamwambia ni kweli. Akataka kuona. Tuliteremka dukani watatu. Alinawa mikono kwa heshima, kama mtu anayeingia nyumba ya watu asiowajua, akasimama mbele ya ile karatasi ya mlangoni, akamwagiza mwandishi wake amsomee. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, kwa Kimeru, kwamba mama yetu angependa kuliona duka hili. Alipanda gari la Kiirua na gunia lake likiwa bado tupu.

Juma lililofuata gunia lilirudi limejaa viazi. Aliyelifunga mdomo alikuwa mdogo wetu. Fundo nililijua, nilimfundisha mwenyewe. Huyo sikuweza kumrudisha. Amekulia Kiirua, ana shamba lake la viazi, na tukikutana ananiheshimu kama ndugu mkubwa, lakini zipo hadithi za nyumbani kwetu ambazo mimi na dada yangu tukizicheka, yeye hutabasamu tu kwa adabu. Nilitaka kuwashika wote wawili, nikamshika mmoja.

Dada yangu sasa ni mwalimu upande wa Karurumo, kule Embu. Kila muhula akifika huko hunitumia ujumbe uleule kwenye simu: Pisii amefika makao makuu. Mimi bado nipo kwenye mashine, ingawa sasa naiendesha kwa niaba ya mwenye mashine, na saa saba bado nateremka. Mama amezeeka, macho yamefifia, lakini kila kitabu kipya kikija hukata nailoni ya kimoja na kuandika ndani ya jalada. Herufi zake zimekuwa kubwa.

Likizo iliyopita dada yangu alikuja, akanawa, akaingia. Ile karatasi yake bado ipo mlangoni, imekuwa ya manjano, na haimsaidii mtu tena kwa kuwa sasa mtaala ni mwingine, na hata madarasa yenyewe yamebadilishwa majina. Wazazi wanakuja na vitabu vya kaka na dada za watoto wao, wanaondoka wamechanganyikiwa.

Mama alisimama, akasukuma kiti chake mbele.

"Keti, mwalimu."

"Nikiketi itabidi ninunue."

"Si una mshahara? Nunua."

"Nitanunua," alisema dada yangu. "Lakini kwanza nipe cha zamani na kipya." Aliviweka viwili kwenye ile rafu ya usawa wa kiuno, ambayo sasa ilimfika chini kidogo ya kiuno, akaniomba penseli. Mama alikuwa akipapasa mezani akitafuta mkasi. Nilimwekea mkononi.